Kiti cha Mtoto cha Mtumba: Tukinunue au Tukiache?

Kando ya barabara za mji wa Kampala, pale wauzaji wa vitu vilivyokwisha kutumiwa wanapopanga bidhaa zao juu ya maturubai, msomaji ameona baiskeli za watoto, vitanda vyao vyenye vizuizi, vigari vya kusukuma, na katikati ya hivyo viti vya watoto vya kufungwa ndani ya motokaa. Kiti kimeoshwa kikaoshwa tena, kitambaa chake kinanukia sabuni, na mikanda yake imelazwa kifuani kama nishani. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kiti kipya. Mama aliyejifungua juzi husimama, akakigusa, akamtazama mumewe. Mume naye hukibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anunuaye godoro, kisha huuliza bei.

Tungependa kusimama nao kidogo kabla pesa hazijatoka mfukoni. Si kwa sababu twadharau mitumba. Nani kati yetu asiyepata kuvaa shati lililovaliwa na mwingine Ulaya? Hata motokaa tuziendeshazo, nyingi zimetumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa Mombasa na kupanda hadi kwetu. Lakini shati likipasuka, aliyelivaa huona haya, basi. Kiti cha mtoto kikipasuka, kitapasuka katika sekunde ile moja ambayo kwa ajili yake kilitengenezwa.

Wala jambo hili si la anasa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani ulimwenguni kote, na ya kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Nchini Uganda, taarifa ya polisi ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 4,500 waliokufa katika ajali za barabarani kwa mwaka huo mmoja. Miongoni mwa watu hao wamo waliopakatwa.

UZITO WA PIGO

Wazazi wengi huamini ya kwamba mahali palipo salama kuliko pote ni mapajani pa mama. Ni imani yenye upendo ndani yake, nasi hatuicheki. Lakini tufanye hesabu. Motokaa iendayo mwendo wa kilomita 50 kwa saa ikigonga kitu kisichosogea, kila kisichofungwa ndani yake huendelea mbele kwa mwendo ule ule. Pigo atakalolipata mtu huyo ni sawa na la aliyeanguka kutoka kimo cha karibu meta 10, yaani ghorofa ya tatu. Mwendo ukiwa kilomita 100 kwa saa, kama wengi waendavyo wakiwahi uwanja wa ndege wa Entebbe, kimo hicho hakiwi mara mbili bali mara nne.

Sasa tumtazame mtoto wa kilo 10 aliyeko mikononi. Tuseme gari limesimama kwa hisani kidogo, katika nafasi ya nusu meta, kutoka ule mwendo wa kilomita 50. Kwa kipindi kile kifupi mtoto yule huwa mzito kwa mama yake kama mzigo wa kilo 200, yaani magunia mawili makubwa ya mahindi. Hakuna mama, wala hakuna mbeba mizigo wa Nakivubo, awezaye kuyazuia magunia mawili kwa mikono iliyokunjwa.

Isitoshe, mtoto mchanga hakuumbwa kama mtu mzima aliyepunguzwa. Kichwa chake huchukua karibu robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima ni sehemu moja ya saba hivi. Mifupa ya shingo yake ingali laini, haijaungana. Kichwa kizito juu ya shingo laini kikitupwa mbele, kinachoumia ni uti wa mgongo. Ndiyo sababu mtoto mdogo hulazwa akitazama nyuma ya gari, ili pigo la mbele limsukume mgongo wote na kichwa pamoja katika kombe la kiti. Fikira hiyo aliianza Bertil Aldman wa Uswidi mnamo mwaka 1964, baada ya kuona jinsi wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini walivyolazwa chali ili miili yao istahimili nguvu ya kuruka. Mwaka 1962, miaka miwili kabla yake, Jean Ames huko Uingereza na Leonard Rivkin huko Marekani walikuwa wamekwisha kubuni, kila mmoja kwa njia yake, viti vya kumlinda mtoto badala ya kumwinua tu aone dirishani.

Faida yake imepimwa. Idara ya usalama barabarani ya Marekani hukadiria ya kwamba kiti kinachofaa, kikitumiwa ndani ya gari dogo, hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 71 kwa mtoto mchanga, na kwa asilimia 54 kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi minne. Lakini hesabu hizo ni za kiti kilicho kizima.

KITI HUFANYA KAZI MARA MOJA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Kiti cha mtoto si kama sufuria ambayo hupikiwa leo na kesho. Ni chombo cha kujitoa mhanga. Ndani ya ganda lake la plastiki hupachikwa povu jeupe gumu, la namna ile ile inayozungushiwa televisheni mpya ndani ya boksi lake. Povu hilo hupondeka ili kichwa cha mtoto kisipondeke, na likishapondeka halirudi. Mikanda nayo hufumwa ili inyooke kidogo wakati wa pigo. Ganda hupinda. Kila kimoja hula sehemu ya nguvu ile, na baada ya hapo kiti kimekwisha kazi yake hata kama kitambaa chake bado ni kizuri.

Sisi tuliopita katika chuo cha makadeti twakumbuka jinsi mkufunzi alivyoitoa katika hesabu ya ghala kofia ya chuma iliyokwisha kupigwa, ingawa kwa macho yetu ya ukurutu haikuwa na kasoro isipokuwa alama ndogo. Hakutueleza mengi. Aliitia kando, akaandika katika daftari, akaendelea.

Basi swali la kwanza kwa kiti cha mtumba si uzuri wake bali habari zake. Kimepata kuwamo ndani ya gari lililogongwa? Idara ile ya Marekani husema kiti kibadilishwe baada ya ajali ya kadiri au kubwa. Ajali huhesabiwa kuwa ndogo pale tu ambapo mambo yote haya yamekutana: gari liliweza kuendeshwa kutoka pale pale, mlango ulio karibu na kiti haukuumia, hakuna aliyejeruhiwa, mifuko ya hewa haikufunguka, na kiti chenyewe hakionyeshi dosari. Baadhi ya watengenezaji ni wakali kuliko hivyo. Wao hutaka kiti kitupwe baada ya ajali yoyote.

Na huko ng'ambo, mtu atupaye kiti cha aina hiyo hushauriwa kuikata mikanda yake kwa kisu au mkasi kabla ya kukitia jalalani, ili asije mwingine akakiokota kwa bahati mbaya. Msomaji na alishike sana jambo hili. Ukiona kiti ambacho mikanda yake imeshonwa, yenye uzi wa rangi nyingine, au ambacho mkanda wa kulia si ndugu wa mkanda wa kushoto, yamkini unatazama kiti ambacho mwenyewe alikwisha kukihukumu. Cherehani ya fundi hodari yaweza kuunga suruali. Haiwezi kuunga mkanda utakaobeba magunia mawili.

KARIBU NA NYUMBANI

Hivi karibuni tulifuatana na sajini mmoja kwenda kumtafutia mwanawe kiti. Mtoto alikuwa na miezi mitano, na baba yake alikuwa ameongeza akiba kwa mkopo akapata motokaa yake ya kwanza, Toyota ndogo yenye mikanda mizima. Muuzaji alikuwa mzee mwenye maneno matamu na heshima nyingi.

"Hiki ni cha Ulaya, afande," alisema. "Hakijapata ajali hata siku moja."

"Umejuaje, mzee?" aliuliza sajini.

"Kingepata ajali si kingevunjika, mwanangu?"

Hatukumlaumu. Alisema alichokiamini, na wengi huamini vivyo hivyo. Tulimwomba ruhusa tukifunue. Chini ya kitambaa, mahali ambapo palipaswa kuwa na lebo, palikuwa na alama ya gundi tu. Nyuma ya ganda tulikuta saa ndogo iliyochorwa katika plastiki, yenye mshale mmoja, nayo ilionyesha mwaka 2009. Mkanda mmoja begani ulikuwa na mshono wa uzi mweusi, mwingine wa uzi wa kijivu. Tukamshukuru mzee, tukakirudisha kitambaa mahali pake.

Tukiwa njiani, sajini akatutajia kwa sauti ya chini ya kwamba dada yake mkubwa aliyeko Mukono anacho kiti darini, kilichonunuliwa kipya dukani mwaka 2021, ambacho mwanawe alikwisha kukua akakiacha. Mbona basi tumezunguka jua lote hili? Aliona haya kuomba. Mwanamume, alisema, hununua vitu vya mwanawe. Haendi kwa dada yake kuomba.

Twasema wazi ya kwamba haya hiyo ni ghali. Kiti cha mtumba kilicho bora kuliko vyote nchini hakimo sokoni. Kimo darini kwa dada, kwa shemeji, kwa jirani wa kanisani au msikitini, kwa mwenzako wa kazini. Kwa mtu ambaye unaweza kumtazama usoni ukamwuliza kama gari lake liligongwa, naye akakujibu huku akijua ya kwamba mtoto atakayelazwa humo ni wa damu yake au wa rafiki yake. Kiti cha namna hiyo, kikiwa hakijapitwa na muda na vipande vyake vyote vipo, ni kizuri kama kipya. Bei yake yaweza kuwa jogoo mmoja. Sajini alikwenda Mukono Jumapili ile ile, na dada yake alimwuliza kwa nini alichelewa kuja.

UMRI NA LEBO

Tumetaja saa ile ndogo ya plastiki. Wengi hawaijui, nayo ni shahidi asiyesema uongo. Pindua kiti chini juu, au tazama nyuma ya ganda. Utaona duara lenye tarakimu 1 hadi 12 pembezoni na mwaka katikati. Mshale huonyesha mwezi ambao plastiki ilimiminwa. Viti vingine huwa pia na lebo yenye tarehe kamili, na vingi vya kutoka Marekani huandikwa moja kwa moja tarehe ambayo baada yake visitumiwe. Kwa kawaida watengenezaji hukipa kiti miaka 6 hadi 10. Sheria ya Uganda ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza nchini motokaa zenye umri wa miaka 15 au zaidi. Na motokaa ni ya chuma, ina injini ya kubadilishwa na fundi wa kuitengeneza. Kiti cha mtoto ni cha plastiki wala hakina fundi.

Na plastiki huzeeka. Asiyesadiki na akumbuke vile viti vyeupe vya plastiki vinavyokodishwa kwa harusi na matanga. Vikiwa vipya hubeba mzee wa kilo mia moja bila kulalamika. Vikishaanikwa juani misimu kadhaa hupauka, na siku moja mguu mmoja hukatika ghafula, mgeni wa heshima akaketi chini. Jua na joto ndivyo vilivyofanya hivyo. Motokaa iliyoegeshwa juani mchana kutwa, huko Gulu au Arua, ni tanuri dogo, na kiti kilichomo hupikwa humo kila siku. Ukikuta ganda limepauka, linatoa unga mweupe likisuguliwa, au lina mstari mweupe kama ule uonekanao katika jerikeni iliyokunjwa kwa nguvu, mstari huo ni mahali plastiki ilipopindwa kupita kiasi. Usibishane nao.

Kuhusu lebo: viti vya Ulaya huwa na lebo, mara nyingi ya rangi ya machungwa, yenye herufi E ndani ya duara na nambari ya nchi iliyokipasisha. Nambari 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza, 43 ni Japani. Pana kanuni mbili za Umoja wa Mataifa zinazotajwa humo. Ya zamani ni Kanuni Na. 44. Kwa hiyo, tazama nambari ya kibali: ikianza na 03 au 04, kiti kilipimwa kwa masharti ya baadaye, ikianza na 01 au 02, ni kikongwe ambacho nchi za Ulaya zilikwisha kukikataza hata kutumiwa tangu mwaka 2008. Ya pili ni Kanuni Na. 129, iliyoanza mwaka 2013, ambayo hupima kwa urefu wa mtoto na hutaka atazame nyuma hadi apitishe miezi 15. Tangu Septemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya hazikubali tena kuuzwa madukani viti vipya vya ile Kanuni Na. 44, ingawa mwenye nacho hakukatazwa kukitumia. Tusishangae, basi, vikizidi kutufikia.

Viti vya Marekani havina herufi E. Hivyo huandikwa ya kwamba vimetimiza kanuni za serikali yao za usalama wa motokaa. Huko kanuni ya viti, ile iitwayo 213, ilianza mwaka 1971, lakini viti vilianza kupimwa kwa kugongwa kweli kweli tangu mwaka 1981. Utavitambua pia kwa kipande cha plastiki kinachounganisha mikanda miwili kifuani, ambacho kwa kawaida viti vya Ulaya havina. Kipande hicho hukaa usawa wa makwapa. Tumekiona kimeshushwa hadi tumboni, mahali pasipo na mfupa wa kuhimili.

Kiti kisicho na lebo hata moja hakina jina. Huwezi kujua ni cha mtoto wa kilo ngapi, wala kama kilipata kuitwa tena na mtengenezaji. Maana hutokea kampuni ikagundua kasoro baada ya kuuza. Mwaka 2014 kampuni ya Graco ya Marekani iliviita tena viti zaidi ya milioni 3, kwa sababu bizimu zake ziliweza kuganda zisifunguke, jambo la kutisha pale mtoto anapotakiwa kutolewa upesi. Mzazi wa huko aliyejaza kadi yake aliletewa barua. Mnunuzi wa kando ya barabara hapa kwetu haletewi barua na mtu. Lakini akiwa na jina la kiti, nambari ya namna yake na tarehe, anaweza kutafuta katika simu yake kwa dakika chache kabla ya kulipa.

Yaliyobaki ni ukaguzi wa mikono, na mikono ya mama huwa na subira kuliko ya baba. Bizimu ifungwe na kufunguliwa mara kumi. Ikikwama mara moja tu, hiyo mara moja yatosha. Mkia wa kukazia mikanda uvutwe na kulegezwa. Mikanda ipapaswe urefu wake wote: uzi uliochanika, sehemu iliyojikunja kama mawimbi, au iliyoyeyuka ikameta mahali ipitapo katika ganda, ni dalili ya kwamba imewahi kubeba mzigo mzito. Povu lishikwe chini ya kitambaa, maana wapo wanaolitoa ili mtoto akae kwa nafasi. Na usidanganywe na weupe. Mikanda iliyochemshwa kwa sabuni kali na dawa ya madoa hupendeza macho, lakini dawa hizo huudhoofisha uzi wake. Watengenezaji huagiza ipanguswe tu kwa kitambaa chenye maji. Hivyo kiti chenye doa la uji chaweza kuwa salama kuliko jirani yake anayeng'aa.

Hata kiti kizima chaweza kukosa kukubaliana na gari. Kifunge katika kiti cha nyuma, kwa mkanda wa gari uliopita katika njia yake iliyowekwa alama. Kisha kishike hapo hapo mkanda unapopita, ukitikise: kisisogee zaidi ya sentimeta mbili na nusu. Mtoto anayetazama nyuma asiwekwe kamwe katika kiti cha mbele kilicho na mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa kuwa mfuko huo hufumka kwa kishindo moja kwa moja mgongoni mwa kiti chake, penye kichwa. Magari mengi tuyapatayo kutoka Japani yanayo mifuko hiyo upande wa abiria, na wenye magari hawajui.

PALIPO PAGUMU

Msomaji atatuuliza: na yule asiye na dada Mukono? Yule ambaye amekopa apate gari, kiti kipya kinazidi mshahara uliobaki, na mbele yake kimesimama kiti chenye lebo nzima, kisichopitwa na muda, kisicho na mshono wala ufa, ila tu hakijulikani kilikotoka?

Wataalamu wa nchi tajiri hujibu upesi ya kwamba kiti usichokijua historia yake usikitumie. Jibu lao ni sahihi kwao, ambako kipya kinapatikana na sheria humlazimisha mzazi kukinunua. Japani, kwa mfano, huwalazimisha wazazi tangu Aprili 2000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka sita. Sisi twaona kwetu yafaa kutenganisha mambo mawili. Kiti chenye dalili yoyote kati ya tulizozitaja, au kisicho na lebo, au kilichopitwa na muda, kikataliwe hata kikitolewa bure, kwa kuwa humpa dereva ujasiri wa uongo naye akaongeza mwendo. Lakini kiti kilichoshinda ukaguzi wote, ambacho kosa lake ni ugeni tu, hatuwezi kumwambia mzazi akiache kisha ampakate mtoto. Mapaja tumekwisha kuyapima. Na atumie kiti hicho, akijua ya kwamba amekubali shaka, aendeshe polepole, na aanze siku hiyo hiyo kuweka akiba ya kingine au kuulizia kwa jamaa. Huo ndio uamuzi wetu. Najua wapo watakaoupinga, nasi twawaheshimu.

Kwa wale wasio na motokaa, ambao ndio wengi, kiti kidogo cha mtoto mchanga chenye mkono wa kubebea chaweza kufungwa hata katika gari la kukodi, almradi kiti cha nyuma kina mkanda mzima. Teksi zetu za abiria 14 ni habari nyingine, na boda boda ni nyingine tena.

Lipo moja la mwisho kwa wenye viti majumbani. Kiti chako kikipitwa na muda, au gari lako likigongwa, usikiuze na usimpe yaya akakiuze. Chukua kisu, ikate mikanda yote karibu na ganda, siyo katikati, ili asipatikane fundi wa kuiunga. Bandua lebo. Andika kwa kalamu nzito ubavuni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtaa wako, ya kwamba kiti hiki kimekufa. Baada ya hapo watoto wakitaka kukalia uani wakila ndizi, na wakalie.